Majilio yanayoishia njiani

Ndugu, unasema kila Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, unaanza kwa bidii, lakini ikifika Dominika ya 2 umeshaacha. Umejitwika mengi mno. Chagua jambo moja: dakika 15 za masomo ya Misa ya siku, saa ileile, simu ikiwa mbali. Ukikosa siku, usijaribu kulipa deni. Soma ya leo. Kwenye kulipa deni ndipo wengi hukwama.

Majilio huwa na siku 22 hadi 28 tu, kwa hiyo kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri, usikisogeze hadi mkesha wa Noeli, maana foleni huwa ndefu na utaungama mbiombio. Nenda kabla ya Desemba 17. Kuanzia hapo liturujia, yaani ibada ya Kanisa, yenyewe hugeukia Noeli moja kwa moja.

Na kama una shada la mishumaa minne ya Majilio, mshumaa wa rangi ya waridi huwashwa Dominika ya 3, si ya 4.