Funga Kitabu, Ndipo Usome

Muhula ukikaribia kuisha, watoto wa mtaani kwetu hapa Nyalenda, Kisumu, huanza kunijia na swali lilelile: "Shangazi, nisome saa ngapi kwa siku?" Wengi wao ni wa lile kundi lililofanya KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, wanaosubiri KCSE ya 2027, ule wa kumaliza sekondari, na wasiwasi umewajaa. Huwa sina haraka ya kuwajibu, maana saa wanazo. Wanaamka alfajiri, wanakalia daftari la Bayolojia hadi macho yanakuwa mekundu, kisha mtihani unawekwa mbele yao na jibu halitoki. Wanakumbuka lilikuwa upande gani wa ukurasa, hata mchoro uliokuwa chini yake wanauona, ila lenyewe halitoki.

Wamejizoeza kuingiza, hawajawahi kujizoeza kutoa. Ukipitia ukurasa mara ya tatu, jicho linayazoea maneno, na mazoea hayo yanafanana mno na kuelewa. Ndiyo sababu sina imani na zile kalamu za rangi za kupigia mistari. Daftari linapendeza kweli, lakini mwenye daftari hajaulizwa lolote.

Kuna utafiti ambao huwa nausimulia kwa furaha kwa kuwa ulitumia lugha yetu. Mwaka 2008 watafiti Jeffrey Karpicke na Henry Roediger wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambapo wanafunzi wa chuo walipewa maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Mwanafunzi akishalipata neno, baadhi waliendelea kuulizwa neno hilo, na wengine hawakuulizwa tena, hata kama waliendelea kulisoma. Wiki moja baadaye, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80. Walioacha kuulizwa walibaki na theluthi moja hivi. Linalonichekesha ni kwamba walipotakiwa kukisia watakumbuka mangapi, makundi yote yalikisia karibu nusu. Kwa hiyo ukijisikia "hii nimeshaishika," usijiamini bado.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kutwa. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, na stima ikipotea jioni nilibaki na koroboi ambayo ilikuwa ya nyumba nzima. Mwangaza huo haukutosha kusoma kurasa kumi. Ulitosha kusoma swali moja. Hapo ndipo nilipoanza daftari la maswali, na mpaka namaliza Maseno sikuliacha.

Liko hivi. Ukurasa wa kushoto unaandika maswali ya somo la leo, wa kulia majibu kwa ufupi. Unayaandika siku hiyohiyo, kabla hujala ikiwezekana. Usijiulize "osmosisi ni nini" pekee, kwa sababu utakariri sentensi ya mwalimu na kuitapika. Jiulize kwa nini kipande cha kiazi kikilala kwenye maji ya chumvi kinalegea, na kingefanyaje kwenye maji matupu. Kwenye Kiswahili, usiandike "ngeli ya U-ZI". Jitake utoe nomino tano za ngeli hiyo na uzitungie sentensi katika umoja na wingi. Historia, jiulize kipi kilisababisha kipi. Kisha funika upande wa kulia, ujibu kwa sauti au kwa kuandika, ndipo ufunue. Ukikosa, weka alama pembeni. Kukosa huko kusikuvunje moyo: dakika ile unayojikuna kichwa ukitafuta jibu ndiyo dakika yenye faida kuliko zote za jioni yako.

Rudia maswali hayo baada ya siku mbili, halafu Jumamosi ya wiki inayofuata, halafu mwisho wa mwezi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885: tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua. Ukirudi mapema unaokoa mengi. Ukingoja wiki ya mtihani, unajifunza upya.

Hisabati ina ujanja wake. Mwalimu akikokotoa ubaoni kila kitu kinaonekana rahisi, na mfano wa kitabuni vivyo hivyo. Soma mfano, ufunge kitabu, ukokotoe mwenyewe hadi mwisho. Halafu changanya mada. Kufanya maswali ishirini ya logi mfululizo ni starehe, kwa sababu unajua tayari njia ni ile ile. Karatasi ya KCSE ina maswali 16 ya lazima katika Sehemu ya I, na hakuna linalokuja na jina la mada yake. Kazi ya kwanza ni kutambua umeulizwa nini, nayo hujifunzi mpaka uchanganye.

Kikundi cha majadiliano nakipenda kikiwa na watu watatu au wanne. Wakizidi hapo ni soga. Sharti langu ni moja: anayeeleza asishike daftari. Simu mpe mama. Usingizi usiuibe, hata wiki ya mtihani.

Kwa wazazi nina ombi. Binti akitoka shule akateka maji, akapika, akawaogesha wadogo zake, usimshangae akisinzia juu ya kitabu. Gawa kazi hizo na kaka zake. Na usiseme huwezi kumsaidia kwa sababu hukusoma Kemia. Mama yangu hakuisoma, lakini aliweka daftari langu juu ya gunia la makaa, akawa anakaanga omena huku akiniuliza. Nilipojibu tofauti na kilichoandikwa alisema tu, "Hapa hawakusema hivyo." Hilo lilinitosha kurudi kutafuta. Mdogo wako aliyejua kusoma juzi anaweza kazi hiyo pia, na ataifanya kwa bidii ya kukukomoa.

Daftari jipya si lazima. Kurasa za nyuma za lile la mwaka jana zinatosha. Anza na somo unalolikimbia, si lile unalolipenda, na usiku wa kwanza uandike maswali matano tu.