Muulize Fundi: Rimu zina kutu, rangi imechoka, siti zinanuka

Anko fundi shikamoo. Rimu zangu za alumini zilikuwa zinang'aa kama kioo, sasa zina vidoadoa vya kahawia havitoki. Nimesugua na sabuni ya unga, nikasugua na stili waya ya sufuria, naona zimepata mikwaruzo tu na madoa bado yapo. Rafiki yangu anasema nimwagie asidi. Nimwagie?
*Wa rimu za madoa*

Marahaba. Hiyo stili waya irudishe jikoni, na hiyo asidi mwachie rafiki yako aanze na rimu zake yeye.

Ujue kwanza hayo madoa ni nini. Kila ukikanyaga breki, pedi inasugua diski, vyote viwili vinalika kidogokidogo na unatoka unga wenye chembe za chuma, tena zinatoka zikiwa za moto, zinarukia rimu zinang'ang'ania hapo, alafu zikipata maji zinashika kutu. Kwa hiyo hiyo kahawia si tope, ni kutu, ndo maana sabuni inapita juu tu. Angalia na rimu za mbele utakuta ndo chafu zaidi, kwa sababu breki za mbele ndo zinabeba kazi kubwa gari inaposimama.

Tafuta dawa ya spreyi ya kutoa chembe za chuma. Rimu ziwe zimepoa kabisa, gari iwe kivulini, puliza, subiri dakika zilizoandikwa kwenye chupa, usiiache ikauke. Itageuka zambarau na kuchuruzika, na itanuka mayai viza, usikimbie, hapo ndo inafanya kazi. Vaa glovu, pitisha brashi laini, suuza kwa maji mengi. Isipotoka yote rudia dawa, usiongeze nguvu ya mkono.

Sasa asidi. Rimu nyingi za alumini ukizigusa hujagusa alumini, umegusa klia, yaani ile vanishi ya juu isiyo na rangi. Asidi kali inaila klia, na pale ilipobanduka inaingia mpaka kwenye alumini. Mi mwenyewe nikiwa bado najifunza kazi nilimwagia rimu ya mteja dawa ya kusafishia choo, ilitoa povu zuri tu nikajisifu, ilipokauka ikawa nyeupe kama imepakwa chokaa, na ile rimu niliilipa mimi.

Kujua kama yako ina klia, ioshe vizuri, weka polishi ya chuma kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua sehemu iliyojificha. Kitambaa kikitoka cheusi basi ni alumini tupu, endelea na polishi hiyohiyo mpaka ujione sura. Kisipotoka weusi kuna klia, hapo tumia polishi ya rangi ya gari, iliyo laini. Ile mikwaruzo ya waya ipitishie kucha: kama kucha inakwama, polishi haitaitoa, mpaka rimu ipigwe msasa na kupakwa upya.

Fundi habari. Gari yangu nyeusi, naiosha kila wiki lakini jua likiwaka naona viduara vingi kama utando wa buibui. Nipake waksi gani?
*Dada wa gari nyeusi*

Nzuri dada. Huo utando, samahani kukuambia hivi, unautengeneza mwenyewe hiyo kila wiki. Sponji moja na ndoo moja: unaanza na bodi, unashuka chini unakota mchanga, unachovya kwenye ndoo, unarudi nao kwenye boneti. Hapo huoshi tena, unapiga msasa.

Mwagia gari yote maji kwanza mchanga uondoke kabla hujaigusa. Ndoo ziwe mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila baada ya kipande, na rimu ziwe na ndoo yake na brashi yake, uzimalize kabla hujaanza bodi. Anzia paa, malizia chini. Kitambaa kikianguka chini usikiokote ukaendelea nacho, hata kama unakionea huruma. Kaushia maikrofaiba safi, usiache jua likaushe, maji yakikauka yanaacha madoa ya chumvi.

Alafu watu wanachanganya waksi na polishi. Waksi haitoi mkwaruzo, inaufunika tu na kulinda rangi, ikiisha mkwaruzo uko palepale. Polishi ndo inautoa, na inautoa kwa kusaga klia mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Na klia ya kiwandani kwenye magari mengi ni kama mikroni 40 au 50, unywele wa kichwa ni mnene kuliko hiyo, kwa hiyo mtu anayekupigia mashine ya polishi kila mwezi anakumalizia gari huku unamlipa. Badilisha uoshaji kwanza, piga polishi mara moja, weka waksi, basi.

Kabla ya hiyo polishi vaa mfuko wa plastiki mkononi, pitisha taratibu juu ya boneti iliyooshwa. Ukisikia vichembe kama mchanga kuna uchafu umejishika, utolewe na udongo maalumu wa gari, ule laini kama wa kufinyanga, ukiwa na maji yake ya utelezi. Ukiruka hapo polishi itavizungusha vichembe hivyo na utapata duara mpya.

Tairi zimekuwa za kahawia, nazipaka dizeli zing'ae. Kuna ubaya?
*Mzee wa dizeli*

Upo mzee wangu, shikamoo. Mafuta ya petroli na dizeli yanaharibu mpira. Hiyo kahawia ni dawa iliyochanganywa kwenye tairi kiwandani kuizuia isipasuke, inatoka juu na kubadilika rangi. Sugua na brashi ngumu na sabuni, kisha paka dawa ya tairi ya maji, ubavuni tu. Ikifika pale tairi inapogusa barabara, utateleza.

Nimeosha siti za kitambaa mwenyewe, zimetakata lakini gari inanuka kama nguo iliyokaa kwenye beseni. Na dashibodi naipaka nini?
*Siti za kitambaa*

Umetumia maji mengi. Sponji ya ndani ya siti inakunywa, juu panakauka ndani pamelowa, ukungu unaanza. Fyonza maji kwa mashine ya vakyumu inayokubali maji, fungua milango yote penye upepo, na inua kapeti, maji hupenda kujificha chini yake. Siku nyingine piga vakyumu kavu kwanza, tumia povu kuliko maji, kamua kitambaa. Na chini ya siti kuna nyaya, zile soketi za njano mara nyingi ni za eabegi, ile mifuko ya hewa inayofutuka ajalini, usizimwagie wala usizichomoe.

Dashibodi, kitambaa chenye unyevu kinatosha. Ile dawa ya kung'aa kama imekaangwa siipendi, inaakisi kwenye kioo cha mbele hata barabara huioni vizuri, na kwenye usukani na pedali usipake kabisa, mkono na mguu vitateleza.

Eti dawa ya meno inasafisha taa za mbele zilizofubaa?
*Naomba jibu fupi*

Inasafisha, inasaga kidogo, alafu njano inarudi. Taa ni plastiki na ngozi yake ya kuzuia jua imeshakufa, ukisugua bila kuirudishia jua linaanza upya. Msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, polishi, mwisho klia ya kuzuia jua. Ila kama ukungu wa maji uko kwa ndani, usisugue chochote, hapo mara nyingi sili, yaani kizibio cha taa, imeachia, maji yanaingia.