Maziwa ya chupa: yapashe kwa maji, si kwa moto

Msomaji ameuliza kwa nini ndama wake wa chupa anaharisha mara kwa mara, ilhali maziwa yake huchemshwa kila asubuhi na kuhifadhiwa kwenye chupa ya chai hadi jioni. Jibu huenda limo humo humo kwenye swali. Chupa ya chai haibaki na moto ule ule. Maziwa yakishashuka chini ya nyuzi 60 na kukaa vuguvugu kwa saa kadhaa, vijidudu vilivyosalia au vilivyoingia wakati wa kumimina huzaliana humo bila kizuizi. Yahifadhi yakiwa baridi, nyuzi 4, kisha pasha kiasi cha mlo mmoja tu.

Nunua kipimajoto. Mkono uliotoka kwenye maji baridi utakuambia maziwa ni ya moto hata kama ni vuguvugu. Yanapofika mdomoni yawe kati ya nyuzi 38 na 40, karibu na joto la mwili wa ndama, mwana-mbuzi au mwana-kondoo. Kwa joto hilo huganda upesi katika tumbo la nne na kumeng'enywa vizuri. Yakiwa baridi huganda polepole, na mnyama hutumia nguvu alizopaswa kukulia ili kuyapasha tumboni. Leo nyuzi 40, kesho 30, huko ni kumvuruga tumbo.

Sasa kupasha kwenyewe. Chukua ndoo ya maji ya nyuzi 50 hivi, zamisha chupa iliyofungwa hadi maji yafike usawa wa maziwa, na uigeuze-geuze kila baada ya dakika mbili, kwa sababu yaliyo karibu na ukuta wa chupa hutangulia kupata joto. Kwa lita moja iliyotoka kwenye jokofu, maji yasipungue lita tano. Wengi hutumia kibakuli, maji yanapoa kabla ya maziwa kupata joto, halafu wanakimbilia jiko. Jikoni maziwa ya chini huungua na kushika sufuria huku ya juu yakiwa bado baridi. Maikrowevu nayo haisambazi joto sawasawa: nje ya chupa ni vuguvugu, ndani kuna sehemu inayobabua ulimi. Tikisa, ndipo upime.

Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama aliyetoka kuzaa, inataka uangalifu zaidi ya yote. Kinga iliyomo huharibika joto likizidi nyuzi 60, na dang'a yenyewe huwa nzito kama uji. Iliyogandishwa iyeyushwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 50, hata kama unaona inachelewa. Ukitaka iyeyuke haraka, igandishe katika mifuko bapa, si katika chupa nene. Haraka hiyo ina maana, kwani kichanga anatakiwa kuinywa ndani ya saa mbili za kwanza. Uwezo wa utumbo wake kupokea kinga hupungua kila saa, na baada ya siku moja hivi huwa umekwisha.

Maziwa ya unga: fuata vipimo vya mfuko. Kwa kawaida maji huwa ya nyuzi 45 hadi 50 ili mafuta yayeyuke. Unga hutiwa juu ya maji na kukorogwa mpaka mabonge yaishe, kisha husubiriwa hadi nyuzi 40.

Kama una wanyama wengi, chupa zinazosubiri zamu zibaki ndani ya ndoo ya maji ya nyuzi 40, na wadogo wanywe kwanza.

Kabla ya kumpa, tia kidole mdomoni mwake. Mdomo ukiwa wa baridi na hanyonyi kidole, usimlazimishe chupa: maziwa yatampalia, yaingie mapafuni, na nimonia itafuata. Mkaushe, mfunike, mpashe mwili kwanza. Akiwa chini ya nyuzi 37 bado hajawa tayari kumeng'enya chochote. Akinyonya, asimame na shingo iinuke kama anavyonyonya kwa mama, kamwe asilazwe chali.

Masalio yamwagwe, yasipashwe tena. Chupa na chuchu zisuuzwe kwanza kwa maji vuguvugu, maana ya moto sana hugandisha protini ukutani. Kisha maji ya moto, sabuni na brashi, na zianikwe zikitazama chini hadi zikauke kabisa.

Ukiona damu kwenye kinyesi, macho yameingia ndani, au amekataa milo miwili, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.