Kuacha kazi uishi kwa mashindano ya poka? Piga hesabu kwanza

Kaka umeuliza kama inalipa kuacha kazi ukaishi kwa mashindano ya poka maana umeona washindi wanabeba mamilioni. Mimi nimegawa karata Las Vegas misimu kadhaa ya World Series of Poker, yale mashindano makubwa ya poka ya kila mwaka, enzi hizo bado yako hoteli ya Rio kabla hayajahamishwa 2022, hawa watu nimekaa nao meza moja mpaka usiku wa manane so naongea nilichokiona.

Zile namba za mtandaoni kwamba fulani kashinda dola kadhaa ni pesa aliyolipwa tu, viingilio havijatolewa hapo! Daniel Negreanu, na huyu ni gwiji, aliweka hadharani hesabu zake za 2017, alilipwa karibu dola milioni 2.8 na bado mwaka ukaisha ana hasara ya zaidi ya dola 80,000. Sasa wewe na mimi?

Main Event, yaani shindano kuu la World Series, kiingilio ni dola 10,000, wanaolipwa ni kama asilimia 15 tu ya walioingia na pesa nyingi inaenda kwa wachache wa juu, kwa hiyo hata fundi kabisa anaweza kumaliza miezi anatoa tu. Ndo maana wengi wanauza mapema asilimia ya watakachoshinda, wapate pesa ya kiingilio. Hata Chris Moneymaker, yule mhasibu aliyeshinda Main Event ya 2003 akabeba dola milioni 2.5, baba yake na rafiki yake walikuwa na mgao mle. Wengine wana tajiri anayewalipia viingilio na hapo ndo pagumu, kila ukitoka kapa anaandika deni, siku ukishinda deni linakatwa kwanza halafu mnagawana kilichobaki. Nimeshaona mtu anapigiwa makofi ukumbi mzima na mwenyewe ananiambia nyingi si zangu hizi.

Na ukitokea Tanzania au Kenya ujue hatuna mkataba wa kodi na Marekani, ukishinda pesa ya maana wanakata asilimia 30 palepale.

Kama unaupenda kweli mchezo, kazi baki nayo, tenga pesa ya viingilio isiyogusa kodi ya nyumba wala ada za watoto, andika kila unachotoa na unachopata mwaka mzima ndo urudi tuongee. Niliowaona wamedumu wengi mkate wao wa kila siku ulikuwa meza za pesa taslimu, zile unazocheza kwa pesa yako mezani na kuondoka muda wowote, mashindano wanaingia pale mtaji ukiruhusu.