Fizi zinaporudi nyuma

SWALI: Daktari, meno yangu mawili ya chini yanaonekana marefu kuliko zamani, na maji baridi huyachoma hadi nikashtuka, ingawa napiga mswaki kwa nguvu kila siku. Je, fizi zitaota tena?

JIBU: Pole sana. Meno hayajarefuka, ufizi umeshuka na kuacha wazi mizizi, ambayo haina enameli (ganda gumu la nje la jino) ya kuikinga na baridi. Ufizi uliokwisha kurudi nyuma hauoti tena wenyewe, lakini unaweza kuzuiwa usiendelee. Nguvu hiyo ya mswaki, naomba uiache leo, ni sababu mojawapo; nyingine kubwa ni ugonjwa wa fizi unaoletwa na ukoga ambao, usipoondolewa, huwa mgumu kama jiwe na hautoki kwa mswaki. Tumia mswaki laini, uushike kwa ncha za vidole badala ya ngumi, uulaze kwenye mpaka wa jino na ufizi, uuzungushe taratibu kwa dakika 2, asubuhi na usiku, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Daktari wa meno atakwangua ukoga hadi chini ya ufizi, na mzizi ukiwa umefunuka sana, anaweza kupandikiza nyama kidogo kutoka kwenye kaakaa. Fizi zikitoa damu au jino likilegea, usisubiri maumivu ndipo uende.