Kikombe cha Maziwa cha Ukweni

Juzi usiku, nimeshafunga madaftari ya wanafunzi nataka kulala, ukaingia ujumbe wa msomaji mmoja wa Chake Chake. Ana miezi mitatu tangu aolewe. Kila Ijumaa wanakwenda kwa wazee wa mumewe, na kila Ijumaa anaandaliwa chai ya maziwa yaliyokamuliwa alfajiri ile ile. Jioni yake tumbo linamjaa, linanguruma, mpaka anaona haya kukaa na watu. "Dada, nikikataa wataniona najidai. Nikinywa naumia. Nifanye nini?"

Niliusoma mara tatu, machozi yakanitoka. Huyu mtoto kaniandikia maisha yangu.

Mimi nimeolewa Wete, mwaka wa 12 huu, lakini nimezaliwa na kulelewa Ng'ambo, Unguja. Kwetu maziwa hayakuwa kitu cha kila siku. Asubuhi ni chai ya mkandaa, ile kavu isiyo na maziwa, yenye tangawizi, na mkate wa ufuta au muhogo wa kuchemsha. Uji ukipikwa, hupikwa kwa tui. Maziwa ya ng'ombe yalinunuliwa mtu akiumwa au akija mgeni wa heshima, na hapo sisi watoto tulionjeshwa kidogo tu. Nikawa mtu mzima sijui kama mwili wangu una lolote nayo.

Fungate ilipokwisha tukavuka Pemba kwenda kuwaona wazee. Mkwe wangu, Mungu amzidishie umri, alikuwa na ng'ombe wawili nyuma ya nyumba. Alinitolea mwenyewe bilauri ya maziwa, kayachemsha na iliki na mdalasini, sukari imekolea, utando wa juu umejikunja ukingoni. Bilauri kaizungushia pembe ya kanga isimchome. Akasimama mbele yangu mpaka nikaimaliza. Nami niliimaliza kwa furaha, nikijua hiyo ndiyo heshima kubwa aliyonayo kunipa.

Hata saa moja haikupita. Tumbo likaanza kuvurugika, likavimba, likauma kwa kukaza na kuachia. Usiku ule nilitoka nje kwenda chooni mara tano, napita mbele ya chumba cha wakwe kwa ncha za vidole, bibi harusi wa siku nane.

Siku ya pili nilisema. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye niliambiwa sikusema. Nilisema, kwa adabu, nimepiga magoti jikoni: "Mama nashukuru, lakini maziwa tumbo langu haliyawezi." Akacheka kidogo, akasema nitazoea. Siku ya tatu akaleta tena, nikayaacha mezani yakapoa. Hakuna aliyesema neno mbele yangu. Jioni napita uani nikamsikia wifi yangu mmoja anamwambia mwenzake: "Anaogopa vyetu. Anadhani tutamtia kitu."

Mtu wa visiwani hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Nilisikia miguu imekufa ganzi. Mimi niliyekuwa naumia tumbo nikageuzwa mtu anayemdhania mkwe wake uchawi. Basi toka siku ile nikanywa. Kila safari ya Wete, kila sikukuu, kila maziko na kila harusi, miaka minne, nikanywa mpaka tone la mwisho huku natabasamu.

Na vile mume wangu amekulia maziwa, hata nyumbani kwangu Unguja chai ya maziwa ikawa ya kila asubuhi. Hapo maradhi yakahamia kwangu moja kwa moja. Nikenda kwenye kliniki moja nikaambiwa vidonda vya tumbo, bila kupimwa chochote, nikapewa dawa. Majirani wakanipa nasaha ile ile mnayoijua nyote: kunywa maziwa baridi asubuhi kabla ya kula, yanafunika vidonda. Nikafanya hivyo miezi minne. Nilikuwa najinywesha ugonjwa kwa mkono wangu, na kila ninavyozidi kuumwa ndivyo wanavyonambia niongeze maziwa. Nikasomewa, nikanywa kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa. Wazazi wangu walifanya hayo kwa mapenzi na siwalaumu.

Kilichoniuma zaidi ni Ramadhani. Mimi ni mtu ninayependa tarawehe. Futari tunafungua kwa tende na maziwa, kisha ikifika Isha tumbo limejaa gesi, udhu haukai. Natoka kwenye safu, natawadha, narudi, hata rakaa nne hazijesha udhu umenitoka tena. Mwaka wa tatu nikaacha kwenda msikitini, nikawa nasali chumbani peke yangu, nazisikia sauti za wenzangu kwenye spika. Sijawahi kumwambia mtu hili mpaka leo.

Aliyenitoa gizani ni daktari mmoja kijana. Hakuandika dawa kwanza. Aliniuliza nini kinaingia kinywani mwangu tangu ninapoamka mpaka ninapolala, akawa anaandika. Alipomaliza akanambia: "Acha maziwa wiki mbili. Chai kunywa, maziwa usitie." Nikaona mzaha. Siku ya nne tumbo limelala. Siku ya kumi nikavaa gauni lililokuwa halifungi. Wiki mbili zilipotimia, Jumamosi asubuhi, nikafanya alivyoniagiza: nikanywa bilauri moja ya maziwa, bila kitu kingine, nikaketi na saa ya ukutani. Dakika arubaini. Nikaanza kunguruma, na kwa mara ya kwanza nililia kwa furaha nikiwa naumwa tumbo, kwa sababu sasa nilijua.

Alinieleza hivi, nami nawaeleza hivyo hivyo. Maziwa yana sukari yake, inaitwa laktosi. Utumbo mwembamba hutoa kimeng'enya, laktezi, kinachoikata sukari hiyo ili mwili uweze kuichukua. Mtoto mchanga anacho tele, kwa kuwa maziwa ya mama yana laktosi nyingi. Akishakua, kwa watu walio wengi kinapungua. Wataalamu wanakadiria kiasi cha thuluthi mbili ya watu wazima duniani miili yao haiisagi laktosi vizuri, ingawa si wote wanaoumwa. Ile isiyosagwa inashuka utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria wanaichachua na kutoa gesi. Ndiyo hayo mangurumo, ndiyo hiyo kuharisha. Basi. Hakuna jini, hakuna mchango wa tumboni, hakuna husuda ya mtu. Wala si mzio wa maziwa: mzio ni kinga ya mwili kuyakataa maziwa yenyewe, unaweza kumbana mtu pumzi, na huo hauna hata kuonja.

Shemeji yangu aliposikia akanijia juu: mbona Wamasai wanaishi kwa maziwa? Hata skulini kwetu yupo askari Mmasai anayemaliza lita nzima amesimama. Nilifurahi aliponiuliza, maana nilikuwa nimeshasoma. Mwaka 2007 kundi la watafiti waliokuwa na Sarah Tishkoff wa Marekani walichapisha uchunguzi wa damu za watu wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waliona wafugaji wengi wa huku wana badiliko katika vinasaba linalowafanya waendelee kutoa laktezi ukubwani, na badiliko hilo si lile la watu wa Ulaya. Limekuja lenyewe huku, kwa maelfu ya miaka ya kufuga. Askari wetu karithi hilo kwa babu zake. Mimi babu zangu walikuwa wavuvi na wakwezi wa minazi. Kila mtu na urithi wake, na wa kwangu si aibu.

Sasa mnaniuliza, unakunywa nini? Nazi, ndugu zangu. Nazi!

Twendeni jikoni. Nikipata nazi kavu iliyokomaa, naivunja, naikalia mbuzi, naikuna taratibu isifike kwenye kifuu ikatoa weusi. Natia maji ya vuguvugu kidogo sana, nakamua kwa mkono kwanza, kisha napitisha kwenye kifumbu. Tui zito la kwanza naliweka pembeni. Chai naichemsha kwa maji na majani, iliki tatu za kupondwa, kijiti cha mdalasini, tangawizi, sukari. Ikishaiva naiepua, ndipo natia lile tui zito, nakoroga. Usilitie mapema ukaliacha lichemke peke yake, litakatika, na chai itaelea mafuta. Chai hii mume wangu, mtoto wa wafugaji, sasa anaiomba mwenyewe.

Na hebu tujiulize. Uji wa mchele ni tui. Tambi za sukari ni tui. Vitumbua, mkate wa kumimina, ndizi mbivu za futari, vyote tui. Bibi zetu walikuwa na jikoni zima lisilohitaji hata tone la maziwa ya ng'ombe. Sisi tumeiacha nazi tukaiona ya kimaskini, tukaona mtu aliyeendelea ni mwenye kopo la maziwa ya unga kabatini. Nimewaona wanawake wenzangu wanakopa ili mgeni asikute chai ya mkandaa. Tumejifunza wapi kuona haya na chetu?

Hayo maboksi ya maziwa ya lozi yanayouzwa kwenye maduka ya wageni nimejaribu. Mazuri, ghali, sina haja nayo. Soya nayo ipo kwa anayetaka: loweka usiku kucha, saga, chuja, na uichemshe sawasawa, mbichi haifai.

Lakini nisikudanganye. Tui si maziwa. Lina mafuta mengi, na kalsiamu ni kidogo mno. Ukiacha maziwa ukadhani kikombe cha tui kimeijengea mifupa yako, umejidhulumu. Kwa hilo mimi nala dagaa wazima na mifupa yao, karibu kila siku, na kashata za ufuta. Dagaa wa Pemba wakikaangwa wakakauka, kwa limau na pilipili, nani atakumbuka maziwa?

Na wala huna haja ya kukimbia kila kilichotoka kwa ng'ombe. Samli karibu haina laktosi kabisa, kwa hiyo halua ya Wete nala kwa raha. Mtindi, ile bakteria inayougandisha imeshaila sehemu ya laktosi, na mtindi wa kwenye biriani haujapata kuniumiza. Kikombe kimoja cha maziwa kina kama gramu 12 za laktosi. Wako wanaokiweza kikiwa pamoja na chakula, mimi naweza robo yake. Jipime mwenyewe. Ila msidanganywe na maziwa ya mbuzi: laktosi yake inakaribia ile ile. Kuyachemsha hakuitoi. Maziwa ya unga ni yale yale yaliyotolewa maji.

Wenye watoto wachanga, nawasihi kwa jina la Mungu, msichukue maneno haya mkamwachisha mtoto ziwa. Simzungumzii yeye. Na mtu anayeona damu chooni, au anayekonda bila sababu, hilo si la kusoma makala. Aende hospitali, na akatae kupewa dawa ya vidonda kabla ya kupimwa.

Idi iliyopita tulikwenda Wete. Ramadhani hiyo nilisali tarawehe zangu zote msikitini, kwa udhu mmoja, na bado nina furaha yake kifuani. Tulipofika nikaingia jikoni kusalimia, nikamkuta mkwe wangu kaikalia mbuzi, mguu mmoja kaunyoosha, anakuna nazi. Miaka 12, sasa mzee, mkono unamtetemeka. Nikataka kumpokea akanisukuma kwa kiwiko. Sufuria mbili za chai ziko jikoni. Akakamua tui kwenye ile ndogo, akakoroga, akamimina kwenye bilauri, akaizungushia pembe ya kanga.

"Yako hii, ya nazi," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Ungesema toka mwanzo, mwanangu."

Nilisema, mama. Lakini sikumjibu hivyo. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikakaa chini pale pale kwenye mkeka, nikainywa. Wifi yangu alikuwa mlangoni. Yeye hajaniomba radhi mpaka leo, na neno lake lile bado ninalo.

Kwa hivyo, mdogo wangu wa Chake, usinyamaze miaka minne kama mimi. Usingoje bilauri iletwe ndipo useme, kwa sababu bilauri ikishaletwa kila neno litasikika ni kukataa. Mumeo azungumze na mama yake kabla ya Ijumaa. Neno la mtoto wao wanalipokea vyengine. Aseme waziwazi kwamba ni maziwa ya mahali popote, hata ya kwenu ulikozaliwa, ili asibaki mtu na dhana. Na wewe nenda mapema, beba nazi mbili, uingie jikoni, umuombe mkwe wako mbuzi yake ukune pale mbele ya macho yake. Wamiminie na wao waonje. Wakikupa samli kwenye mkate, kula, tena uwasifu. Kisha Jumamosi niandikie unambie ilikuwaje.