Mkasi ulionaswa kwenye mishipa ya ubongo

Shikamoo daktari. Mama ana miaka 61, anaburuza miguu na kusahau sufuria motoni. Picha ya ubongo imeonyesha shida ya mishipa midogo, na hajawahi kuanguka kiharusi. Inakuwaje? (Igoma)

Marahaba. Hiyo ni mishipa isiyofika unene wa milimita 1. Kuta zake zikikakamaa, damu haifiki vizuri ndani kabisa ya ubongo, na madhara hujilimbikiza kimyakimya. Kwa wengi chanzo ni presha na umri. Mpimeni presha wiki hii.

Nimesoma kwamba magonjwa tofauti ya mishipa hiyo yana protini zilezile zilizovurugika. Vyanzo si mbalimbali? (Nansio, Ukerewe)

Ni mbalimbali, ndiyo utamu wenyewe. CADASIL ni ya kurithi: jeni ya NOTCH3, iliyobainika Ufaransa mwaka 1996, ina hitilafu, na kipande cha protini yake hurundikana kwenye ukuta wa mshipa. CARASIL hutokana na jeni nyingine, HTRA1, kama walivyoonyesha Wajapani mwaka 2009. Ugonjwa wa tatu huwapata zaidi wazee: protini iitwayo amiloidi beta, ileile ya Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hutanda kwenye mishipa.

Sasa, HTRA1 hutengeneza kimeng'enya, yaani mkasi wa kukata protini nje ya seli. Kwenye CARASIL mkasi ni butu tangu kuzaliwa. Kwenye CADASIL ni mzima, ila hunaswa katika marundo ya NOTCH3. Kwenye amiloidi nako umekutwa umenaswa. Protini ambazo ungezikata zinabaki ukutani, zikifanana katika magonjwa yote matatu. Wewe wa Ukerewe unaujua wavu uliojaa magugu maji: haujachanika hata tundu moja, lakini samaki hauleti.

Ipo dawa ya kuuachia huo mkasi? (Kirumba)

Haipo hospitalini.

Baba ana CADASIL. Mimi je? (Sengerema)

Uwezekano wa kuirithi ni nusu kwa nusu, mwanaume au mwanamke. Kabla ya kipimo cha jeni, kaa na mshauri. Jibu lake halifutiki. Sigara acha leo.

Kayabo niache? Presha yangu ni 150. (Mwaloni)

Nikikwambia uache ningekuwa mnafiki, naipenda. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, kijiko cha chai kisichojaa, na kipande kimoja cha sangara wa chumvi kinaweza kukimaliza. Iloweke usiku, mwaga maji, loweka tena. Na vidonge vya presha unameza kila siku, hata kichwa kisipouma.